Majivu ya Pumba Kwenye Zege: Yanayofaa na Yasiyofaa

Hotuba kwa mafundi ujenzi, wakulima na wenye mashine za kukoboa mpunga, Mbarali, mkoani Mbeya

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, kina mama mnaouza pumba, vijana wa mashine, habari za asubuhi.

Nimeitwa nizungumzie zege la taka, yaani zege lililochanganywa na majivu ya pumba na mabaki mengine. Kabla ya taka, naomba fundi mmoja asogee hapa mezani atusomee mfuko huu wa saruji. Jina la kiwanda liache, na picha iache. Soma yale maandishi madogo. Sema kwa sauti, wa nyuma wasikie. Asante. Amesoma: CEM II/B-P 32.5 N. Wangapi mmewahi kuyasoma hayo? Naona mikono michache, na miwili kati yake ni ya wenye duka.

Hiyo 32.5 ni nguvu ambayo saruji hii inatakiwa iwe imeifikia ikipimwa maabara siku ya 28. N maana yake inapata nguvu kwa mwendo wa kawaida. Ingekuwa R ingewahi zaidi siku za mwanzo. Herufi ninayoitaka mimi ni P. Hiyo ni pozolana asilia, yaani majivu na mawe ya volkano yaliyosagwa yakachanganywa humo kiwandani. Na II/B inakwambia kwamba kati ya asilimia 21 na 35 ya kilichomo si klinka, kile kiungo kikuu cha saruji. Ukivuka kwenda Kenya utakuta mifuko mingi imeandikwa CEM IV/B-P, na hiyo inaruhusiwa kufika hadi asilimia 55. Kwa hiyo fundi anaponiambia, "Mhandisi, mimi nyumba ya mtu siijengei majivu," huwa namwomba anionyeshe mfuko aliojengea jana.

Sisemi hivi kulaumu viwanda. Mchanganyiko huo ni halali, umo kwenye viwango vya Afrika Mashariki, na kwa kazi nyingi za maji na ardhi yenye chumvi ni bora kuliko saruji tupu. Nimeanzia kwenye mfuko kwa sababu ndipo watu wanapoharibikiwa. Kijana anasoma kwenye simu kwamba majivu ya pumba za mpunga yanaweza kuchukua nafasi ya asilimia 20 ya saruji. Ni kweli, imepimwa nchi nyingi. Lakini majaribio hayo kwa kawaida hufanywa kwa CEM I, saruji ambayo karibu yote ni klinka. Yeye anakwenda dukani, ananunua ya bei nafuu, IV/B, ambayo huenda klinka yake ni asilimia 45 tu. Akitoa moja ya tano na kuweka majivu, klinka inashuka hadi asilimia 36. Zege linachelewa, kona zinamomonyoka, tofali linavunjika likishushwa kwenye gari, na kijiji kizima kinasema pumba hazifai.

Sasa klinka ni nini hasa? Ni mawe ya chokaa na udongo, vimechomwa pamoja hadi joto la nyuzi 1450, vikatoka vigololi vigumu vya kijivu. Vigololi hivyo vikisagwa na jasi kidogo ndiyo saruji. Gharama kubwa ya mfuko iko hapo, kwenye ule moto. Na hewa ya kaboni inatoka mara mbili: inatoka kwenye makaa yanayochomea, na inatoka ndani ya jiwe lenyewe la chokaa linapoungua. Ndiyo maana saruji ya dunia nzima inabebeshwa kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni yote inayotokana na shughuli za watu. Kila kilo ya klinka tunayoweza kuipunguza bila kupunguza nguvu ya ukuta ni faida ya mfukoni kwanza. Hayo ya hali ya hewa nayo yamo, ila najua hakuna aliyefunga mashine yake leo kuja kusikiliza habari za hali ya hewa.

Saruji ikikutana na maji inafanya vitu viwili. Inatengeneza gundi inayoshika mchanga na kokoto, na pembeni inaacha chokaa huru. Chokaa hiyo haibebi kitu. Ukiona weupe umetoka kwenye ukuta wa zege au kwenye tangi, mara nyingi ndiyo hiyo imesafiri na maji. Kazi ya majivu ni kuikamata chokaa ile iliyoachwa na kuigeuza gundi nyingine, taratibu, kwa wiki na miezi. Kinachoikamata ni silika, lakini si kila silika. Mchanga wa mtoni nao ni silika, na hauikamati ng'o, kwa kuwa chembe zake zimekaa kwa mpangilio mgumu ambao chokaa haiuvunji. Inatakiwa silika iliyovurugika, iliyopikwa au kupozwa kwa namna ambayo haikupata nafasi ya kujipanga.

Volkano hufanya hivyo bure. Hilo neno pozolana limetokana na Pozzuoli, mji ulio jirani na Naples kule Italia, ambako Warumi walichimba majivu wakayachanganya na chokaa. Kuba la jengo lao la Pantheon lina upana wa mita 43, halina nondo hata moja, na limesimama kwa takriban miaka 1,900. Sisi huku tuna Mlima Rungwe, ambao nao ni volkano, na watu wa pwani yetu walijenga Kilwa Kisiwani kwa matumbawe na chokaa yake. Ujenzi kabla ya mfuko wa saruji si jambo geni katika nchi hii.

Haya, pumba.

Ukikoboa tani moja ya mpunga unabaki na pumba kama kilo 200. Ukizichoma, unapata majivu kama kilo 40. Humo kwenye majivu, kati ya asilimia 85 na 95 ni silika, kwa sababu mpunga unainyonya kutoka kwenye maji na kuijaza kwenye ganda. Hakuna zao jingine hapa Usangu linalofanana nao kwa hilo. Profesa Kumar Mehta wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilishughulikia jambo hili tangu miaka ya 1970, na alichokisisitiza ndicho ninachokisisitiza mimi leo: kila kitu kinategemea moto.

Pumba zikiungua chini ya nyuzi 700 hivi, silika inabaki imevurugika. Hai, tuseme. Zikipita hapo na kukaa kwenye joto kali muda mrefu, silika inajipanga, inakuwa ndugu wa mchanga, na kazi imekwisha. Zikiungua kwa kukosa hewa, kaboni inabaki ndani, majivu yanakuwa meusi, na weusi huo unakunywa maji kama vile umelaaniwa. Tazameni rangi. Meusi tii hayajaiva. Ya kijivu hadi meupe ndiyo tunayoyataka. Yakianza kuelekea uwaridi, moto ulizidi. Rangi peke yake si ushahidi wa kutosha, maana hata meupe yanaweza kuwa yamekufa, lakini ni pa kuanzia.

Lile rundo linalofuka moshi nyuma ya mashine kwa siku kadhaa linatoa aina zote tatu kwa pamoja. Juu meusi, katikati yameiva, na ndani kabisa huenda yamepitiliza. Anayetaka majivu ya zege inabidi achome kwa makusudi: rundo dogo, ndani ya uzio wa wavu wa chuma au matofali yaliyopangwa na matundu ili hewa ipite, na moto ukishapungua majivu yatandazwe yapoe, yasiachwe kujipika yenyewe usiku kucha.

Najua wengi hapa mnachomea matofali kwa pumba, na nawasifu, maana kuni za misitu zimepona kidogo kwa sababu yenu. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: yale majivu yanayobaki kwenye tanuri la tofali, si ndiyo hayo hayo? Jibu langu litawaudhi. Mengi yake yamekufa. Tofali linahitaji nyuzi 800, 900, hata zaidi, na linakaa humo siku nzima au zaidi. Joto linaloivisha tofali ndilo linaloua majivu.

Ila subirini. Pembeni mwa tanuri lile lile kuna matofali mnayoyatupa, yale ya kingoni ambayo moto haukuyafikia vizuri, yamekuwa mekundu hafifu, ukiligonga halilii. Mnajazia mashimo ya barabara. Udongo wa mfinyanzi uliochomwa kati ya nyuzi 600 na 850 hivi, ukasagwa laini, unaikamata chokaa kama yanavyofanya majivu ya volkano. India walisaga tofali na kuchanganya na chokaa karne nyingi, na siku hizi watafiti wa Uswisi, India na Kuba wametengeneza saruji ambayo nusu ya klinka imeondolewa, pakawekwa udongo uliochomwa kwa joto hilo hilo pamoja na mawe ya chokaa yaliyosagwa tu. Si kila udongo unafaa. Ule mweupe wenye kaolini ndio bora. Lakini mimi ningekuwa mchoma matofali wa Mbarali, kabla ya kusumbuka na majivu yangu ningeanza kwa kupima matofali mabovu.

Kupima vipi bila maabara? Nimekuja na makopo mawili ya maji, yapo hapa, njooni mjaribu kwa kidole baadaye. Nilichukua chokaa ya mfuko ambao haujakaa wazi, nikaikanda na maji, nikafinyanga donge. Donge la pili ni sehemu moja ya chokaa hiyo kwa sehemu mbili za majivu ya pumba yaliyosagwa. Yote mawili niliyafunga kwenye kitambaa kibichi siku kadhaa, kisha nikayatumbukiza majini. Sasa fundi, bonyeza la kwanza. Kidole kimeingia. Chokaa tupu ndani ya maji haigandi, utaisubiri mpaka mwakani. Bonyeza la pili, tumia kucha. Umeona? Majivu yanayogandisha chokaa chini ya maji yako hai. Yasiyogandisha, yapeleke shambani. Jaribio hili halikupi namba ya nguvu, linakuondolea tu majivu maiti kabla hujapoteza pesa ya maabara.

Kusaga nako kuna uzito wake. Chumvi ya mawe na chumvi ya unga ni chumvi ile ile, lakini moja inaingia kwenye mboga upesi. Majivu ni hivyo. Yakiwa na chenga yanakaa tu kama mchanga mbovu. Inatakiwa yasagwe hadi yapite kwenye chekeche laini kama unga wa saruji wenyewe, kwa pipa linalozunguka na vyuma vya mviringo ndani. Hapa ndipo gharama ilipo, na sitawadanganya wenye mashine: bei ya umeme au dizeli ya kusagia na usafiri ndivyo vitakavyoamua kama biashara hii inalipa kwako. Tani moja ya mpunga, kilo 40 za majivu. Ukibadilisha asilimia 10 ya saruji, hizo ni za mifuko minane. Mtu mwenye mashine ndogo peke yake hafiki mbali. Mkijiunga, mkachomea mahali pamoja na kusagia mahali pamoja, hesabu inaanza kusikilizika. Na anayesaga avae barakoa ya vumbi inayobana. Vumbi la silika linaharibu mapafu, na lile lililojipanga kwa moto mkali ndilo baya zaidi.

Kwenye kupima, naomba mnisikilize vizuri. Sisi tunapima kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ya saruji ni kilo kama 28. Ndoo hiyo hiyo ya majivu ya pumba haifiki hata nusu ya uzito huo, maana ni mepesi na yana matundu. Ukiambiwa "asilimia 10", ni asilimia kumi kwa uzito: mfuko wa kilo 50 unatoa kilo tano za saruji na kuweka kilo tano za majivu. Nunueni mizani ya dukani. Pimeni mara moja, wekeni alama kwenye ndoo, basi.

Halafu maji. Majivu yale yenye matundu yanakunywa, zege linaonekana kavu, na kibarua anaongeza maji bila kuuliza mtu. Mfuko mmoja wa saruji pamoja na majivu yake unatakiwa upate lita 25, ukizidi sana 27, na ukiwa na mchanga uliolowa upunguze. Kila ndoo ya ziada inayomwagwa ili zege litiririke inaondoka na nguvu. Kama halishindiliki, punguza majivu, au tumia dawa ya kulainisha zege inayouzwa kwenye maduka makubwa ya vifaa. Ndiyo maana mimi nawaambia muanze na asilimia 10, si 20, na iwe juu ya CEM I 42.5. Kwenye IV/B msiongeze chochote. Kiwanda kimeshamaliza kuongeza.

Na zege hili linataka kumwagiliwa. Nasema kwa uchungu kidogo, maana tunamwaga jamvi, yaani zege la sakafu, Jumamosi, Jumapili tunakwenda ibadani, Jumatatu limekauka jeupe. Kazi ya majivu inaanza pale ambapo saruji tupu imeshafanya sehemu kubwa ya kazi yake. Siku ya saba litakuwa nyuma ya zege la kawaida, siku ya 28 litakuwa limekaribia, na likitunzwa kwa maji, siku ya 90 mara nyingi limepita. Likinyimwa maji wiki ya kwanza halifiki popote. Funikeni kwa nailoni au magunia mabichi, siku 14.

Mzee mmoja ameniuliza pale nje kuhusu kifusi cha nyumba ya zamani. Kinafaa, mzee wangu, hasa zege kuukuu lililopondwa likawa kokoto. Ulaya baada ya vita vya 1945, Ujerumani hasa, walijenga upya miji yao kwa vifusi vyao wenyewe. Toa plasta, toa mbao, toa jasi ya dari, hiyo jasi inaleta madhara ndani ya zege. Kokoto hizo zina saruji ya zamani imeng'ang'ania, zinakunywa maji, kwa hiyo zilowekwe kabla. Changanya robo yake na robo tatu ya kokoto mpya, uweke kwenye jamvi la chini au njia. Bangladesh, ambako mawe ni ya shida, wanaponda matofali ya kuchoma kuwa kokoto na kujengea, nao huyaloweka kwanza.

Vingine nitavipitia haraka. Majivu ya makaa ya mawe yanafaa sana: bwawa la Hungry Horse, Montana, Marekani, lililojengwa kati ya 1948 na 1953, lina zaidi ya tani laki moja za majivu hayo. Sisi hatuna mitambo mikubwa ya umeme wa makaa ya kutupa majivu hayo, basi tusiyaotee. Mabaki ya tanuri la kuyeyushia chuma kutoka kwenye madini yake, yakipozwa ghafla kwa maji, Mjerumani Emil Langen aligundua mwaka 1862 kwamba yanaganda kama saruji. Lakini viwanda vyetu vinayeyusha chuma chakavu, na mabaki yake ni kitu kingine. Yanaweza kuwa na chokaa inayovimba miezi baadaye na kupasua sakafu. Majivu ya makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari yanafaa kiasi, ila yana mchanga mwingi wa shambani na kaboni. Vifuu vya nazi ni kokoto nyepesi, kwa wa pwani. Chupa zilizopondwa vipande vipande zinavimbisha zege, jambo ambalo Thomas Stanton wa California alilieleza mwaka 1940 kwa mawe yenye silika iliyovurugika kama ya chupa. Zikisagwa unga mlaini, zinageuka kuwa msaada. Plastiki kwenye zege inapunguza nguvu, haishikani na saruji. Zile tofali za njiani za Nzambi Matee wa Nairobi ni plastiki iliyoyeyushwa ikachanganywa na mchanga, hamna saruji humo, ni kazi nzuri ya aina nyingine.

Na marudio ya dhahabu. Chunya ni hapo tu, na mchanga uliokwisha kuoshewa dhahabu ni laini, mzuri machoni, tena wa bure. Una zebaki, na penginepo sianidi. Usipigie lipu chumba anacholala mtoto. Hapo sina mjadala.

Tuanzie wapi? Baada ya maghorofa kuporomoka Dar es Salaam mwaka 2013 na Kariakoo mwaka 2024, watu wana haki ya kuogopa fundi anayesema amebuni zege jipya. Kwa hiyo nguzo, lenta na slabu za ghorofa tuziache kabisa mpaka mhandisi aone matokeo ya maabara na aweke sahihi. Mimi ningeanza na mifereji ya umwagiliaji. Majivu mazuri yanaziba vitundu vya zege, maji hayapenyi kirahisi, na hapa Usangu kila mtu anajua maji yanayopotelea kwenye kingo za mfereji yana ugomvi gani huko chini Ruaha Mkuu. Mfereji ukipasuka haumwangukii mtu. Pumba ziko mita chache kutoka mferejini, usafiri si shida. Baada ya hapo tofali za uzio, jamvi, mashimo ya choo.

Anayetaka kujaribu msimu huu, afanye hivi. Lete majivu au unga wa tofali, kilo tano, kwenye mfuko mkavu uliofungwa, uandike jina la kijiji, ulichoma kwa namna gani na kwa muda gani. Changanya zege lako kama utakavyolitumia, ujaze maboksi ya sentimita 15 kila upande, tisa kwa kila mchanganyiko, na mengine tisa ya zege la kawaida kwa kulinganisha: matatu ya siku ya 7, matatu ya 28, matatu ya 90. Yakae majini muda wote. Mashine za kuyabonyeza mpaka yavunjike, ili kujua nguvu yake, zipo Mbeya mjini, kwenye chuo kikuu cha MUST na maabara ya TANROADS. Ulizeni bei kabla ya kusafirisha, maana mkipeleka kwa kikundi mtagawana gharama. Maboksi ya chuma ninayo machache kwenye gari, natoa kwa kusaini daftari, na yanarudishwa yakiwa yamesafishwa na kupakwa oili. Katibu anaandika majina pale mlangoni kuanzia sasa. Wenye maswali ya moto na wavu wa kuchomea wabaki hapa na mimi. Wengine chakula kiko tayari.